Mke wangu amenisamehe mtoto nisiyemzaa

Kimara, Jumapili tarehe 8 Machi. Nimetoka nyumbani Tukuyu tangu Agosti ya mwaka juzi.

Shangazi Genoveva, shikamoo. Huwa nakusoma kwenye gazeti la mlinzi wetu akishamaliza kurasa za mpira, na leo zamu imekuwa yangu, maana nimesamehewa kosa ambalo sikulitenda na sijui niupeleke wapi huo msamaha.

Mie ni saidia fundi, shule niliachia darasa la sita, univumilie mwandiko. Tunajenga ukuta kwenye nyumba moja hapa Kimara ambayo amepanga mama wa Kizungu, Margareta, anatokea Sweden, na mwezi wa kwanza alikabidhiwa mtoto wa kike kutoka kituo cha kulea watoto, anamuasili, yaani anakuwa mwanawe kwa sheria, na karatasi za mahakama zikitoka anaondoka naye kwenda kwao. Mtoto anaitwa Clara, hajaanza kutembea, mtoto wetu wa hapa hapa, mweusi kunizidi hata mie.

Shangazi, mtoto yule alilia. Siku za mwanzo alilia mpaka fundi akawa anapima ukuta mara mbili mbili. Margareta alikuwa na vitabu vya kulea watoto, akasoma, akampa chupa, akambadilisha nepi, mwisho akamweka kwenye kigari cha kusukuma akatoka naye, na njia zetu za huku unazijua, kigari kikakwama kwenye mawe kabla hajafika dukani, wanawake wa gengeni wanampigia kelele, "Mama, mbeleke huyo! Mgongoni! Mgongoni!" na yeye anawapungia mkono, anadhani wanamsalimia.

Siku moja asubuhi nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mtoto analia na yeye analia, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mimi hapana mama. Yeye anajua." Nikashindwa. Mie ni kifungua mimba wa mama aliyekuwaga anachuma chai, wadogo zangu wote wamekulia mgongoni kwangu. Nikanawa saruji, nikavaa shati safi, nikaomba kanga, nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda kufagia uani. Sijafika kwenye bomba, kalala.

Ikawa kazi yangu. Fundi alinuna, halafu akaona heri saidia fundi mwenye mtoto kuliko makelele. Mwenzangu Fakihi, mtu wa Newala, ndiye hakunipa nafasi ya kupumua. "Mama Gibson, ukimaliza kunyonyesha tuletee zege!" Akanipiga picha akaiweka status. Binamu yangu Lusungu, anayeuza viatu Mbezi Luis, akaiona, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila kuniuliza. Ilifika Tukuyu Clara hajaamka.

Sasa ujue kwamba mie na mke wangu Atuganile tuko mwaka wa saba wa ndoa na hatujapata mtoto.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mama. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Masikio ni ya marehemu baba yako kabisa." Nikamwambia mama, huyo mtoto ni wa Mzungu. Akauliza, "Kwa hiyo umezaa na Mzungu?"

Atuganile naye nikamwambia hivyo hivyo.

"Mtoto wa Mzungu," akasema.

"Ndiyo."

"Gibson. Mweusi vile."

"Ameasiliwa."

"Ndiyo ugonjwa gani huo?"

Nikaeleza mpaka salio likakata. Wiki mbili simu zangu hapokei, nami nikawa nambeleka mtoto wa watu huku nimekonda. Kisha akapiga mwenyewe. "Mlete. Mtoto hana kosa. Mama yake tu ndiye usiniletee." Akauliza anaitwa nani, nikasema Clara. Akasema, "Basi kuanzia leo mie ni Mama Clara." Shangazi, sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tuoane. Nikasema, "Haya."

Tangu hapo mambo yanakimbia yenyewe. Kwenye kundi la ukoo naitwa Baba Clara, wazee waliokuwa wananiruka kwenye vikao kama kiti kibovu sasa wananisalimia, na sitakuficha, imenikaa vizuri. Juzi nimeitwa stendi ya Mbezi kuchukua kifurushi, nafungua nakuta sweta jekundu, kofia na soksi, amefuma Atuganile mwenyewe kwa ajili ya baridi ya kwetu. Niliangalia vile visoksi nikakaa chini kwenye mizigo ya watu.

Fakihi anasema niwaambie mtoto amefariki, watalia, yataisha. Margareta hajui lolote. Nimemfundisha kufunga mbeleko, anatembea kama kabeba trei la mayai lakini Clara analala. Aliliona lile sweta akalishika shavuni, "Nzuri sana! Kwetu baridi!" nikashindwa kumpa na nikashindwa kumnyima. Kwa hiyo Kimara kuna Mama Clara, Tukuyu kuna Mama Clara, na mtoto ni mmoja. Nikisema kweli namnyang'anya mke wangu mtoto. Nikinyamaza nitashuka na nini kwenye basi? Ukuta unakaribia kuisha, na nyumbani nimeshawaambia nitafika Alhamisi Kuu.

Gibson, Kimara

*

Marahaba, Gibson.

Nimecheka barua yako mpaka nilipofika kwenye soksi, hapo nikaacha. Pole. Una mgongo wa maana, lakini mdomo wako unakuangusha.

Mwanzo ulisema kweli na hukuaminiwa. Hilo sikulaumu, hata mie ningekucheka. Kosa lako ni lile "haya". Mtu kajiita Mama Clara masikioni mwako nawe ukaitikia, kisha ukaenda stendi kupokea kifurushi. Kila siku unayonyamaza yule mwanamke anaongeza uzi. Leo sweta, wiki ijayo blanketi, na kabla ya Pasaka atakuwa ameshamwomba fundi seremala kitanda.

Fakihi aendelee na zege, ushauri amwachie mwingine. Unataka mkeo amlilie mtoto ambaye hakuwahi kumshika, ukoo ufunge turubai, na huku mtoto mwenyewe anabadilishwa nepi Kimara? Wakikuuliza kaburi liko wapi, utawaonyesha ukuta?

Na acha kusema utamnyang'anya mtoto. Hana mtoto wa kunyang'anywa. Ana mume aliyemwacha afume.

Ukimaliza kusoma hapa tia salio la kutosha, umpigie. Usianze na Mzungu, wala usianze na kuasili. Anza hivi: "Mke wangu, nilikujibu haya, na lile jibu lilikuwa uongo." Kisha mwache apige kelele, mwache alie, na usikate simu ukasingizia mtandao. Akishatulia mwombe akuruhusu umwonyeshe Margareta kwa video, Clara akiwa mgongoni mwake. Lakini Margareta umweleze kwanza. Umemtumia binti yake kupandia cheo kwenye ukoo, na mama ana haki ya kujua kuwa mwanawe ana bibi Tukuyu anayempenda kwa ajili ya masikio. Ukoo nao uwaambie mwenyewe, kwenye kundi lile lile, kabla hujafunga begi. Wazee watarudi kukuruka. Utaishi.

Sweta si lako. Usiligawe. Mwenye sindano ndiye aseme kama liende Sweden, lirudi Tukuyu au lifumuliwe, na akichukua mwezi kujibu, subiri mwezi.

Hili la mwisho lisome taratibu. Mwanamke aliyesema "mlete, mtoto hana kosa" amejibu swali ambalo wewe hujathubutu kumuuliza miaka yote hiyo, kama yuko tayari kulea mtoto asiyemzaa. Margareta kapanda ndege kumfuata Clara. Ninyi ofisi ya ustawi wa jamii mnayo hapo wilayani, na hospitali ya kuwapima wote wawili, narudia, wote wawili, ipo pia. Sikuchagulii mlango. Muulize Atuganile, kisha nyamaza umsikilize, wewe bingwa wa kutuliza watoto wa wenzako.

Alhamisi Kuu usiisogeze. Mwambie mkeo saa ambayo basi linafika, na mwambie unashuka mgongo mtupu. Mara ya kwanza alimsamehe mwanamume aliyezaa nje, na huyo si wewe. Ukimkuta pale stendi anakusubiri hata baada ya kujua yote, basi msamaha huo pokea. Huo ni wako.

Shangazi Genoveva