Watu wa Risasi

Jumamosi, 3 Februari

Tumemaliza kuwapaka rangi Wamongolia, vijisanamu vyote. Hatimaye! Sitaki kuona farasi tena maishani. Farasi mmoja ana miguu minne, kila mguu una kivuli chake, na kaka alitaka kila mnyama awe na rangi yake kwa sababu "farasi hawashonewi sare." Haya. Wamelala kabatini sasa, na mimi macho yananiwasha.

Likaja swali la kila mwaka: jeshi lijalo tuchague zama zipi? Mimi nataka Warumi. Ngao nyekundu zinazofanana, unapaka huku unasinzia. Kazini nashinda nikitengeneza meno ya bandia, kila jino na weupe wake. Nikija kwa kaka nataka kitu kisichobishana. Kaka kasema Warumi hapana, adui zao walivaa manyoya na yeye hana kalibu ya manyoya. Napoleoni? Vifungo vingi. Masamurai? Kamba nyingi. Vita Kuu ya Kwanza? Matope matupu, kasema, tutapaka kahawia mpaka kiama.

Wifi akapita na beseni la nguo. Eti watu wazima wawili, mmoja anapumulia mtungi, wanagombania suruali za maiti! Tukacheka wote watatu. Kaka alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikuisha haraka.

Jumapili, 4 Februari

Kaka kachagua. Alingoja kwanza nimalize chai.

"Tufanye vya kwangu," kasema.

Vyako vipi? Vita alivyokwenda yeye, kasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Tangu tuanze mchezo huu tuna mwiko mmoja, na aliuweka mwenyewe: hatugusi vita ambavyo yupo mtu aliyepigana na bado anapumua. Na vita vyake hajawahi kunisimulia hata kidogo. Alikwenda nikiwa darasa la sita, akarudi nikiwa namaliza shule. Mshahara wake ndio ulionifunza ufundi wa meno. Kwangu ni shujaa, basi. Sikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Nikamwuliza, na mwiko je? Akagonga mtungi wa oksijeni kwa ukucha.

"Mwiko hauna maisha marefu, mdogo wangu. Bora tuanze brashi ikiwa bado inakaa mkononi."

Nimekubali. Ningesemaje?

Jumatano, 7 Februari

Sheria yetu nyingine: kila mtu hupaka jeshi la upande wa pili, lile atakalopigana nalo. Ukimpaka adui kwa mkono wako, uso kwa uso, humdharau tena. Hivyo mimi napaka jeshi la kaka, yeye anapaka adui zake, halafu mezani kila mtu anaongoza watu waliopakwa na mwenzake.

Nilimwomba picha ya sare. Wifi akaitoa ndani ya sanduku. Kaka kijana, mwembamba, sare ya kijani kibichi, na begani nembo nyekundu yenye mkuki. Mzuri! Nimeitazama sana. Nembo hiyo kwenye askari wetu itakuwa ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini nitaipaka, na mkuki utaonekana. Asiyeamini na alete lenzi.

Jumatatu, 12 Februari

Tumeyeyusha risasi uani, vile vipande vizito wanavyosawazishia magurudumu ya magari. Wifi kafoka, moshi huu na mapafu hayo! Kwa hiyo kaka alikaa mbali, dirishani, na mimi ndiye niliyemimina kwenye kalibu. Mbali, lakini alihesabu kila mmoja niliyemtoa.

Siku zote tunawaita askari wa risasi, kwa sababu ya madini yenyewe. Leo kaka kasema, "Nipe watu wa risasi."

Nikamsahihisha: askari.

"Askari ni wako. Wangu mimi ni watu."

Nikadhani ulimi umeteleza. Dawa zile zinamchanganya mtu.

Alhamisi, 15 Februari

Niliwahi kutoka kazini nikapitia kwake. Amelala kitini, koleo mapajani, kwenye kisahani mbele yake lundo dogo la vijiti vya risasi. Nilivichukua nikavitazama kwa lenzi yangu ya kazini. Bunduki. Amewakata bunduki zote, mmoja mmoja, na mikononi amewawekea vidonge vya udongo vilivyofungwa kama vigunia.

Aliamka akanikuta navyo kiganjani. Nikauliza, adui gani huyu asiye na silaha?

"Hawakuwa nazo."

Walizitupa? Walinyang'anywa?

"Hawakuwa nazo," kasema tena, taratibu, kama ananifundisha neno jipya.

Nikaenda kuosha brashi. Ilikuwa safi. Niliiosha hivyo hivyo.

Jumapili, 18 Februari

Nimewapeleka askari wangu. Thelathini, kila mmoja na nembo yake begani, na mkuki unaonekana. Shingo inaniuma tangu Ijumaa. Nilitaka asifu, nakiri, nilikuwa kama mtoto aliyeleta daftari.

Akawatazama kwa lenzi, mmoja baada ya mwingine. Kazi nzuri, kasema. Mkono wangu umempita mkono wake.

Halafu: "Zifute."

Nini?

"Nembo. Siku ile hatukuvaa. Tuliamriwa tuvue alama zote tukiwa bado kwenye lori. Na namba zetu."

Nikauliza siku ipi. Akavuta hewa ya mtungi.

Kazini kwetu meno yote tunayotengeneza yana alama ya karakana kwa ndani. Fundi asiyetaka kuweka alama anajua mwenyewe ameharibu nini. Sasa jeshi zima! Kwa nini jeshi zima livue alama zake?

Nilikaa pale pale nikafuta, thelathini wote, kwa kitambaa chenye spiriti, na kaka akinitazama. Ninaogopa. Hilo ndilo neno, sina jingine.

Jumanne, 20 Februari

Sikwenda. Nimesema kazi ni nyingi. Uongo, leo hatukupata hata mteja mmoja.

Jumatano, 21 Februari

Wifi kapiga simu. Mbona siendi kumwona kaka yangu? Daktari alikuja jana, hakukaa, na mlangoni alimwambia wifi awaite wa kuitwa. Kaka mwenyewe haulizi dawa, anauliza mimi nitakuja lini. Anakaa na watu wake wa risasi anawasemesha. Si kwa sauti, midomo tu.

"Mimi hanambii," kasema wifi. "Nimelala naye miaka yote hii na hanambii. Wewe ndiye anakutaka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wifi yangu, na mimi sitaki kinipasukie peke yangu."

Nikamwambia Jumamosi. Nikapiga moyo konde. Saa moja baadaye moyo wenyewe ulikuwa umelegea, lakini nimeshaahidi.

Jumamosi, 24 Februari

Naandika jikoni kwa wifi, daftari juu ya pipa la mchele. Nimesema natafuta maji.

Nilifika mchana. Meza imeshapangwa. Kwa kawaida tunapanga pamoja, vilima vya maboksi, mto wa kitambaa. Leo kaamka alfajiri kapanga mwenyewe, na wifi kamshikia mtungi. Barabara moja ya vumbi la mbao. Nyumba moja, bati lake la karatasi ya sigara, na tundu la dirisha. Askari wangu thelathini barabarani, mabega matupu. Na watu wake wamejipanga kutoka mlango wa ile nyumba, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ukingoni mwa meza. Wanawake. Vichwani kawafunga vilemba kwa uzi. Wengine amewakata miguu wakawa wafupi. Watoto.

Nimecheza mchezo huu miaka mingi, najua safu za kila zama. Nikauliza kipumbavu, hii ni safu gani?

"Foleni," kasema. "Mashine ya kusaga. Walikuja kusaga."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimsikia akisema polepole, si kwetu, "Kumbe ndiyo maana hupangi foleni." Akavuta kigoda akakaa. Hajawahi kukaa kwenye mchezo wetu.

Mimi nilikwenda kwenye kiti changu, upande wa foleni. Ndiyo sheria, yeye amewapaka hao, mimi nawaongoza. Kaka akatikisa kichwa. Akaburuta mtungi wake kuzunguka meza, akakaa kwenye kiti hicho. Akanionyesha cha kwake, nyuma ya askari.

Nikasema kaka, sheria.

"Leo kaa huko. Miaka yote nimejiuliza kama mtu mwingine angefanya tofauti. Sina mwingine wa kumwuliza ila wewe."

Akanieleza, kwa vipande, hewa ikimkatisha. Redio ya upepo, ile ya amri, inasema nyumba ile ni ghala la adui. Inasema kila aliye pale ni adui. Mkubwa yuko nyuma yako, bastola mkononi, na jana amempiga risasi mmoja wenu aliyesita. Wewe umeshaona vigunia. Umeshaona watoto. Hawajageuka bado.

Nikasema nawapitisha njia, tuendelee mbele. Akasema redio haijasema hivyo. Nikasema naikata redio. Akasema mkubwa je? Nikasema nampiga mkubwa.

"Nyuma yake wapo ishirini na wanane," kasema. "Hujui nani yuko upande wako. Una miaka ishirini na moja."

Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumpiga kofi, yote mawili, wakati mmoja. Nguo zangu za shule! Viatu vile vyeupe alivyonitumia mwaka ule!

Akanyoosha kidole juu ya meza, akamgusa askari wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu ni mimi. Anza naye."

Akaniwekea kiganjani dadu tunazosogezea majeshi. Nikasema nina kiu.

Ninazo hapa, dadu zenyewe, juu ya mfuniko wa pipa. Hapa ukutani nasikia kila kitu. Wifi anamwuliza jambo, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Mtungi unatoa sauti. Nikitupa nikampeleka mbele, atajua hata mimi ningefyatua. Nikikataa, atajua palikuwa na mtu ambaye angekataa, na alikuwa dada yake, na ataondoka nalo hilo.

Ananiita. Anasema chukua muda wako, mdogo wangu, wao hawaendi popote.

Nimeitika "naja." Sijainuka.