Kioo Kilichokwenda Kilambo

Ndugu yangu Bosco,

Nimekaa mezani kwako hapa Shangani, kwenye kile kiti ulichokikata miguu ili macho yako yalingane na vioo vya kompyuta. Magoti yangu yamekaribia kidevu. Mkeo ametoka kununua karatasi, kaniachia nyumba, nami nimeona nitumie nafasi hii kukueleza yaliyotokea tangu tulipokuzika. Wengine wakikueleza watafupisha, na jambo lenyewe halifupishiki.

Mama Neema wako ni mzima. Nusura aondoke Mtwara moja kwa moja, na hiyo ndiyo habari yangu, lakini nitaifikia kwa utaratibu.

Nianze na vioo. Kila mtu mtaani alijua kompyuta moja huwa na kioo kimoja. Wewe ukasema kwa nini kimoja. Ofisi zilipobadilisha mashine zao, wewe karani wa bandarini ukawa unarudi nyumbani na kioo begani badala ya samaki. Vikafika vitatu. Mimi, jirani yako na mwalimu mstaafu, nilikuwa nakuja jioni kushuhudia. Unakumbuka jinsi cha tatu kilivyokataa kuwaka mpaka friji lizimwe? Umeme ulikuwa haubebi vyote. Mama Neema akasimama mlangoni na ndoo ya changu, akauliza, "Baba Neema, leo tunakula samaki au tunakula picha?" Ukamjibu, bila hata kugeuka, "Tupe dakika tano." Changu wale walizikwa nyuma ya nyumba kesho yake, nami nilihudhuria.

Halafu ile picha ya komunyo ya Neema, uliyotaka itande kwenye vioo vyote vitatu kama ukuta. Ilitanda. Ila baina ya kioo na kioo kuna fremu ya plastiki, na uso wa mkeo ukaangukia hapo hapo. Jicho moja likawa upande huu, jingine upande ule, na pua haikuonekana tena. Uliita majirani waje waone. Yeye akatazama kwa muda, akasema, "Hawa ndio wake wenza wangu, na leo wamenigawana." Tangu siku hiyo ndivyo alivyoviita: wake wenza.

Kuna pia miezi ile uliyounganisha nyaya kinyume, kioo cha kulia kikajiona ni cha kushoto. Ukisukuma mshale kulia, unatokea kushoto. Mtu mwingine angebadilisha nyaya. Wewe ulisema ni rahisi zaidi kubadilisha kichwa, ukajizoeza, ukajizoeza kweli kweli, mpaka siku moja nikakuona Chikongola unatafuta duka la misumari upande ambao halijawahi kuwapo.

Nayataja haya kwa sababu katika majaribio yako yote, Bosco, na nasema hivi kwa upendo, nililiona moja tu lililofaulu. Ulimfundisha mkeo kuchapa. Kisha ukakigeuza kioo kimoja kikatazama nje ya dirisha. Yeye ndani anaandika, mteja nje anayaona maneno yake yanavyotoka, moja baada ya jingine, na akiona kosa anagonga ubao wa dirisha. Barua za maombi, kadi za harusi, mitihani ya shule. Watu walitoka mbali, si kwa sababu hakuna wachapaji wengine mjini, bali kwa sababu kwingine mtu anaandikiwa asichokisema, anakuja kukigundua kikishachapwa. Kwenu alikuwa anajiona akiandikwa. Ulipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inampa mkeo chakula na kumlipia Neema chuo.

Sasa mgawanyo.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kugawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Aliyeongoza ni mjomba wako Alois, aliyekuja kutoka Kilambo, kule kwenye mto wa mpakani, na kwenu Wamakonde mjomba akishaketi hakuna anayesimama. Nguo ziligawiwa vizuri, baiskeli pia. Walipofika kwenye vioo, mjomba akasema, "Marehemu alikuwa na televisheni tatu. Mtu mmoja, televisheni tatu! Basi zigawiwe."

Nikaomba kusema. Nikawaeleza kwamba kioo cha kompyuta si televisheni, na ili waelewe tofauti nikaona nianze na umeme ni nini. Nilikuwa bado kwenye waya, sijafika hata kwenye picha, dada yako Fides akasema, "Mwalimu, tutachelewa gari." Nilipogeuka, kioo kikubwa kilikuwa kimeshafungwa kwenye mkeka wa mjomba. Cha pili kilikuwa kichwani kwa Fides. Cha tatu kilichukuliwa na mpwa wako yule mwenye biashara Msumbiji, na usiku huo huo nasikia kilivuka mto. Kompyuta yenyewe, lile boksi lenye akili zote, hakuna aliyelitaka. Walidhani ni stebilaiza ya umeme. "Mjane asiachwe mikono mitupu," mjomba akasema kwa huruma, na akamwachia.

Kwa hiyo mkeo akabaki na kompyuta nzima isiyo na pa kuonekana. Kununua kioo kingine ilikuwa shida: mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya Dar es Salaam imekatika, na hapa mjini hapakuwa na kinachouzwa. Kaka yake wa Songea akatuma ujumbe: kama mume hayupo na kazi hakuna, arudi nyumbani, yeye atakuja na gari kumchukua mvua zikiisha. Mama Neema hakujibu. Alifunga dirisha, akaniambia, "Mwalimu, nimezaa hapa, nimezika hapa, nimegombana na kila mwenye duka Chikongola. Songea nitakwenda kufanya nini, kuwa shangazi?"

Akajaribu kuchapa bila kuona. Akasema vidole vyake vinajua njia. Mteja alikuwa mzee mmoja mpole anayeoza binti. Mkeo akachapa kadi yote kwa kasi, uso umeinuliwa kama mtu anayeimba kwaya. Printa ikatema. Vidole vilikuwa vimekaa herufi moja pembeni ya mahali pake, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Yule mzee aliishika kadi, akaitazama, akaigeuza, kisha akauliza kwa adabu kubwa, "Mama, hiki ni Kireno? Maana wageni wetu wengi ni wa huku huku."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mkeo naye alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Kesho naenda Kilambo. Utanisindikiza?"

Tukaenda, na gari likakwama matopeni mara ambazo sitaki kuzihesabu. Njiani nilijipanga. Nilidhani tutamkuta mjomba amekasirika, anasema televisheni yako ni mbovu. Bosco, laiti ungeona! Kioo chako kilikuwa juu ya meza nje ya duka, karibu na pale watu wanaposubiri kuvuka mto, kimeungwa kwenye jenereta ya mwenye duka. Unajua kioo kisichounganishwa na kompyuta hufanya nini: kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza, ya kulalamika kwamba hakijaletewa kitu, hutembea polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, kinagonga pembeni, kinarudi. Basi. Hakuna kingine. Na umati wa watu ulikuwa umekaa mbele yake unashangilia. Walikuwa wamegawanyika, upande wa mto na upande wa barabara, na kisanduku kikigonga upande wenu mmefunga bao. "Hicho! Hicho kinakuja! Kaza, kaza!" "Kimewakataa, kinarudi kwetu!" Kulikuwa na refa. Alikuwa mjomba wako.

Alitupokea kwa heshima zote. Tulipokwisha kula, nikaanza kusema tulichofuata, naye akaniinulia mkono. "Nang'olo," akaniita, kama waitavyo wazee wa huko, "siku ile tulikukatisha, na si vizuri kumkatisha mwalimu. Leo hatuna haraka, mto umejaa. Eleza yote."

Yote! Hujui nilivyojisikia. Nilianza na umeme. Nikaja kwenye waya, nikaja kwenye picha. Watu walisogea. Nikawaambia kwamba kile walichonacho ni jicho tu, na kichwa kinachofikiri kimebaki Shangani, ndiyo maana jicho halina la kuonyesha isipokuwa malalamiko yake. Waliuliza maswali mazuri. Mama mmoja aliuliza kama jicho linaumia. Nilipomaliza, mjomba alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Kumbe tulikosea," akasema. "Tulichukua jicho tukaacha kichwa."

"Ndiyo, Mjomba," nikasema, nimefurahi.

"Basi kesho tukachukue na kichwa."

Katika maisha yangu yote ya ualimu sijawahi kueleweka vizuri namna ile, wala kujuta kueleweka. Nilimtazama mkeo, aliyekuwa amekaa na akina mama pembeni. Nilimwona anajifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayekwenda kuteka maji.

"Sawa, Mjomba," akasema. "Kichukueni. Na mimi nitakuja nacho, maana bila mimi hakiandiki hata jina la mtu."

"Karibu, binti yangu. Nyumba ipo."

"Ahsante, Mjomba. Ila nina wateja, nao watanifuata. Mwalimu mkuu huja na wenzake kuhakiki mitihani, wanashinda kutwa. Kwaya ikija, inakuja yote, kila mmoja anataka kuona jina lake limeandikwa sawa. Wanaooza huja na wajomba." Akamgeukia mkewe mjomba. "Mjini nilikuwa nawapa maji ya kunywa tu. Mimi mjane, nani atanilaumu? Lakini hapa watakuwa wamefika kwa Mjomba Alois."

Mkewe mjomba akainua uso. "Wajomba wa upande mmoja?"

"Pande zote mbili, Mama. Na mashangazi."

"Wanakuja kila siku?" akauliza mjomba.

"Msimu wa harusi, Mjomba, hata Jumapili."

Mjomba akawatazama kuku wake. Waliokuwa uwanjani walikuwa wachache, na niliona anawapitia mmoja mmoja, kama anayewaaga. Kisha akaenda dukani, akawasha jenereta. Ikachezwa mechi moja ya mwisho. Upande wa mto ulishinda. Akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, akakifunga kioo kwenye mkeka ule ule, akakileta akakiweka miguuni pa mkeo.

"Wateja wako ni wengi mno," akasema. "Wabaki huko huko."

Fides alipopata habari kwamba mjomba amerudisha, alileta cha kwake siku hiyo hiyo, pamoja na kitambaa alichokifuma cha kukifunika. Hakuwahi kukiwasha hata mara moja. Alikuwa anasubiri antena. Kile cha Msumbiji bado kiko ng'ambo. Kama huko nako kuna ligi, sijui.

Mkeo aliunganisha nyaya zote peke yake. Mimi nilikuwa nashika tochi na kueleza, akaniambia nishike tochi. Kioo kimoja kikarudi ndani, kimoja dirishani, na kufikia mwisho wa mvua foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe wa jirani.

Kaka yake akaja kama alivyosema. Ni mtu mkubwa, mkimya, alikuja na gari na kamba za kufungia mizigo. Alitaka kupita moja kwa moja mlangoni, mama mmoja akamwambia, "Mzee, foleni hiyo hapo." Akapanga. Mimi nilikuwa kibarazani na nilimjua, nikamwacha asubiri. Zamu yake ilipofika, Mama Neema alimtazama kupitia dirisha, vidole viko juu ya vibonyezo, akamwuliza kama anavyomwuliza kila mtu:

"Unaandika nini?"

Yule bwana akayaangalia maneno ya mteja aliyemtangulia yakifutika kwenye kioo, mpaka pakawa peupe. Akakohoa.

"Kwa Mama," akasema. "Nimefika salama." Yakatokea. "Nimemkuta dada mzima." Yakatokea. Akageuka kulitazama gari lake. Walio nyuma yake wakaanza kuguna. Akasema, "Kwa sasa hatarudi nami. Ana kazi."

Yakatokea yote. Kisha, Bosco, niliona mshale unarudi nyuma polepole, na maneno "kwa sasa" yakafutika, herufi moja moja, mbele ya macho yake. Aliyaona yakiisha. Hakugonga ubao. Akasema, "Chapa."

Alilala siku mbili, akala samaki, akarudi Songea na kamba zake.

Mkeo amerudi na karatasi, namsikia getini. Pumzika, ndugu yangu, na usihangaike na waya wowote wa huku. Ninakuahidi jambo moja, ambalo huenda halitakupendeza. Mtu akija dirishani na kuniuliza, hii ndiyo ile kompyuta ya marehemu Bosco, nitamjibu hapana. Ni ya Mama Neema, kioo chake alikwenda kukifuata mwenyewe.

Ni mimi jirani yako,
Mwalimu