Moyo wa Kaka Nderingo

Jumatano, jua halijazama. Manyunyu tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, lakini mimi nimekunjuka moyo.

Leo kaka yangu Nderingo ametoka nje kwa miguu yake mwenyewe, akaketi penye migomba, akaomba uji. Ameumaliza.

Asante, Mungu.

Kaka ni tarishi wa boma la serikali. Hubeba mfuko wa barua kutoka Arusha hadi Moshi, mara akitembea, mara akikimbia. Tangu ujana moyo wake hupiga polepole. Daktari mmoja Mjerumani aliwahi kumshika mkono, akacheka, akasema wakimbiaji wengi wako hivyo na wala hawaumwi. Nyumbani tukawa tunajisifia.

Ndiyo maana safari hii sikushtuka.

Mvua zilipoanza alishikwa na homa ndefu, ikamwachia miguu iliyovimba na pumzi fupi. Misheni wakampa matone ya dawa ya moyo, uvimbe ukapungua. Naye kwa hamu ya kurudi njiani akawa anajizidishia bila kutuambia. Chakula kikamshinda, akawa anatapika, akalalamika kwamba hata maziwa anayaona ya manjano. Mkewe, wifi yangu Ndeshi, alimwekea sikio kifuani akasema moyo unajikokota.

"Wifi, si ndivyo ulivyo siku zote?" nikamwambia.

"Siku zote anashindwa kuinua kibuyu?"

Nikainuka kuchochea moto.

Jumamosi mchana kaka alianguka mlangoni, macho wazi, tunamwita hasikii. Alipozinduka, Ndeshi hakutaka tena mawazo yangu. Alijitanda shuka akateremka na mvua ile hadi misheni, akarudi na sista muuguzi, wote wawili matope hadi magotini.

Sista alimshika kaka mkono kwa muda mrefu. Akamuuliza habari za kizunguzungu, za pumzi, za kuzimia. Kisha akaitaka chupa ya dawa, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni.

"Nderingo, unakunywa kama ulivyoambiwa?"

Kaka akageukia ukutani. "Nilitaka kupona upesi, Mama."

Sista hakumgombeza. Alitugeukia sisi. "Mtu mwenye nguvu zake, moyo kwenda polepole si lazima uwe ugonjwa. Lakini ukienda polepole naye anaishiwa pumzi, anazimia, msingoje. Dawa hii ikizidi huulegeza moyo hata ukaweza kusimama."

Akaondoka na chupa. Alisema hana dawa ya kuitoa ile iliyokwisha kuingia mwilini, ila alale tu, itoke yenyewe taratibu. Basi tukakaa naye kwa zamu, mimi na Ndeshi, mkono wake viganjani mwetu. Kuna wakati nilisubiri pigo moja mpaka nikaacha kupumua mimi mwenyewe.

Jana macho yalimkaa sawa, maziwa akayaona meupe. Leo uji.

Huenda asiikimbie tena njia ya Moshi. Alipoambiwa hivyo alilia kidogo, akajifuta kwa shuka. Nilimhurumia, lakini ndani yangu nilikuwa nafurahi: atakuwa hapa, atapalilia kahawa, tutagombana.

Ndeshi sijamshukuru bado. Mimi naye tumezoea kutaniana tu, maneno mazito yananitia haya. Kesho nitakwenda naye mtoni kuchota maji, na kabla hatujarudi nitakuwa nimeyasema.