Munkoyo wa Siku ya Tatu

Jumatatu, 4 Mei
Dispensari kabla ya saa moja, kama kila siku. Nikameza kidonge, kile kinachomtapisha anayekunywa pombe, mbele ya munganga Ilunga, nikafungua kinywa aone. Kisha benchi, pamoja na walevi wenzangu. Swali lake ni lilelile: kiu ya jana ilikuja saa ngapi? Saa kumi, nilipotoka stesheni. Tukaizungumza hiyo saa kumi mpaka nikachoka mimi. Yeye hachoki. Ningekuwa yeye, ningeshampiga kofi mtu kama mimi.

Alhamisi, 7 Mei
Siku ya thelathini bila pombe. Mzungu wa reli amesema: akipata barua nzuri ya munganga mwisho wa mwezi, narudi kuendesha mashini ya treni. Asipoipata, kazi imekwisha, na nyumba ya kampuni pia. Watoto wanne. Kwa sasa nafagia mabehewa. Dereva mzima!

Jumapili, 10 Mei
Ubatizo kwa wakwe, Naviundu. Bia nikakataa. Lutuku, ile pombe kali, nikakataa, mashemeji wakanicheka. Mama mkwe akanitumia kibuyu cha munkoyo kwa mkono wa mke wangu. Munkoyo ni mahindi na mizizi tu, hata watoto wanakunywa. Na nani anakataa kibuyu cha mama mkwe? Nikamaliza. Uso ukawaka moto, moyo ukaenda mbio, nikatapika mbele ya wageni. Kidonge kimenikamata. Wote wanasema nililewa kwa siri. Mke wangu hajanisemesha tangu pale. Aibu tupu.

Jumatatu, 11 Mei
Sikutaka kwenda. Nikaenda. Nikamwambia munganga yote, nikingoja afute jina langu. Akauliza munkoyo ulikuwa wa siku ngapi. Wa siku ya tatu. Akaweka kalamu chini.
"Kosa iko yangu. Nilikuulizaka pombe, sikukuulizaka munkoyo."
Mbele ya benchi nzima! Akatueleza: siku ya tatu umeshachacha, umekuwa pombe, na kidonge hakijui majina. Jioni akapanda baiskeli mpaka Naviundu kumweleza mama mkwe mwenyewe, shati lake jeupe kwenye vumbi lile. Kurudi, akapita kwetu kumweleza mke wangu. Namheshimu kuliko wajomba zangu wote.

Jumanne, 12 Mei
Mke wangu amenipashia maji ya kuoga. Ugomvi umekwisha.

Ijumaa, 29 Mei
Barua imetoka. Munganga ameandika kila kitu, hata munkoyo. Mzungu akaisoma mara mbili. Kesho kutwa ni Jumapili, halafu nashika mashini. Nimelia, na sioni haya.

Jumapili, 31 Mei
Naviundu tena. Kibuyu kilekile cha heshima, mbele ya mashemeji walewale. Nikakipokea, nikakishika tu. Mke wangu akainama sikioni mwangu.
"Haiko munkoyo. Mama anasema unywe bila woga."
Nikaonja. Uji mwepesi wa mahindi, wa asubuhi hii, sukari kidogo. Nikanywa, watu wote wakiona, hakuna aliyejua kwamba si munkoyo. Mama mkwe alikuwa anatazama kando, kama inavyompasa mkwe.
Kiu ya leo: saa kumi. Ikapita. Kesho nitamwambia munganga.