Filimbi Haina Mtani

Alhamisi, 12 Juni 2025

Keshokutwa mechi yangu ya kwanza! Wasichana wa Nachingwea na wa Ruangwa, kwao Ruangwa. Mwalimu Beatrisi, aliyetufundisha uamuzi wa mpira wa kikapu, kanikalisha leo kunipa ya mwisho mwisho. Puliza kwa nguvu, filimbi ya kinyonge ni kuomba ruhusa. Usikodolee mpira kama mtazamaji, angalia miili. Usibishane na kocha — mwonye mara moja, akirudia mpe faulo ya kiufundi, wapinzani warushe mpira wa adhabu; ya pili atoke nje. Nikamuuliza, na kocha akiwa mtani wangu? Akacheka tu. Si mtu wa huku, hajui.

Ijumaa, 13 Juni

Mama naye ana yake. Kocha wa Ruangwa ni Shaban, na ukoo wao na wetu ni watani tangu kwa mababu. Kwenye msiba wa bibi alijilaza mlangoni jeneza lisipite, mpaka tukampa kuku ndipo akainuka. Watu walicheka huku wanalia. Mama anasema mtani hakasirikiwi, lolote atakalosema nimeze.

Nimeze?! Msibani sawa. Uwanjani mimi si mjukuu wa mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Mechi imesimama, robo ya tatu. Naandika hapa mezani nisije nikamtukana mtu.

Filimbi ya kwanza niliipuliza kama naamsha mgonjwa. Wakanicheka. Ya pili, kuku wa jirani walitimua mbio! Shaban akaanza: eti ukoo wetu tumerithi makengeza, faulo naiona kwa jicho lipi. Nami nikacheka kidogo, kweli ilichekesha. Nikamwonya. Akaingia uwanjani akanishika mkono. Faulo ya kiufundi! Akamgeukia marehemu bibi, akayakejeli meno yake. Ya pili. Nje!

Hakutoka. Kajilaza katikati ya uwanja, anadai kuku ndipo ainuke. Watu vigelegele. Rashidy, mwamuzi mwenzangu, ananinong'oneza nimpe chochote yaishe, ndiyo mila. Mzee Sadiki wa kamati anataka niifute faulo, eti naharibu undugu wa wilaya mbili. Nikikataa, nivue filimbi Rashidy amalize peke yake.

Sivui! Utani nauheshimu. Aje nyumbani kesho anitukane mpaka achoke, na kuku nitampikia mwenyewe. Leo hapana. Hata jua litue.

Mzee Sadiki kanyoosha kiganja, anasubiri filimbi. Shaban kafumba macho, anajifanya kusinzia.

Nasma anakuja — kapteni wa Ruangwa, mchezaji wake Shaban mwenyewe. Mpira kwapani. Hajazunguka, kamruka kocha wake pale alipolala! Kasimama mbele yangu, wala hageuki kumtazama Mzee Sadiki.

"Mwamuzi, waambie Nachingwea warushe adhabu yao. Sisi tuko tayari."