Birika Mlilolificha Uvunguni

Mahlet na Getahun, wanangu,

Mchuzi wa shiro uko jikoni, upasheni moto tu. Mikate ya injera nimeifunika. Msinitafute mtaa mzima kwa makelele. Naenda kula kwa Alganesh, ng'ambo ya barabara.

Asubuhi mlipotoka tu, ile hofu ikanikaba kifua. Nikakaa kitandani kama mwizi aliyesikia hodi. Daktari alisema ni ugonjwa uleule wa Parkinson unaonitetemesha mikono, si kwamba nimekuwa mwoga. Basi nikaiambia, "Wewe kaa hapo, mimi nakaanga kahawa."

Na kahawa ikishanukia, majirani umeshawaita. Nikajuta, nikakimbilia kufunga mlango. Nikamkuta Alganesh mlangoni na wenzake wawili!

Nilimimina mwenyewe, Mahlet. Kikombe cha kwanza, nusu ilimwagika kwenye sinia. Alganesh akaniuliza, "Dada, hiyo ya siniani ni ya paka?" Tulicheka mpaka machozi. Wakanywa hadi kikombe cha tatu, kile cha baraka, na hakuna aliyeungua.

Birika nimelikuta uvunguni; mlilificha ili nisiaibike, najua. Asanteni. Mkilificha tena tutakosana.

Vikombe vinawasubiri, vioshwe. Dawa zangu nimebeba.

~~Mahlet, njoo unichukue saa kumi, naogopa kuvuka barabara.~~

Usije. Hofu yenyewe itanisindikiza, njia inaijua.

Mama yenu

Kesho kahawa ni hapa tena. Nimeshaalika watu.