Usije Septemba

Ano Vrisi, Krete
Juni, Jumatatu baada ya misa ya jana

Mpendwa mdogo wangu Manusos,

Pokea salamu za dada yako Aristea, na ujue kwamba nyuma yangu kuna foleni ya wanaokusalimu. Shangazi Argiro anakusalimu, Sifis wa mkahawani anakusalimu, na yule mbuzi wetu mwenye pembe moja angekusalimu pia kama tusingemla Pasaka. Huku tu wazima. Goti langu la kulia linanisumbua ninapopanda ngazi, lakini huo si ugonjwa, ni umri tu unaobisha hodi. Nataka kujua ninyi mko je huko Melbourne, wewe na mkeo Roslin, na watoto. Huyo mdogo, Ana, ameota meno? Na Poli, kile kikohozi kimemwacha? Mpe asali asubuhi kabla hajala kitu, achana na hizo dawa za rangi ya waridi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nyumba yetu unaijua, ukipiga chafya jikoni unaombewa afya sebuleni, na baba masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Isitoshe wewe kwenye simu hunisikilizi, unanikata maneno kama wakili. Kwa hiyo kaa chini, pata kahawa yako, unisome hadi mwisho, wala usiruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya na sala za jioni. Habari niliyo nayo ni njema. Ila nitaifikia kwa njia yangu.

Tuanze na swali lako. Uliniandikia kwamba baada ya miaka yote hii umeamua kuileta familia huku kwa likizo, ukataka nikuambie ni msimu gani ulio bora. Bahari inapata joto lini, watu wanapungua lini, upepo unatulia lini, mvua inaanza lini. Ukasema unataka kukata tiketi kabla mwezi huu haujaisha. Kisha mwishoni kabisa, kwa sauti ndogo, ukaongeza kwamba mtafikia hotelini kule ufukweni ili msimsumbue baba.

Ewe Manusos! Mimi barua yako nilikuwa naisoma kwa sauti, mezani, mbele yake. Nilidhani atafurahi. Nilisema moyoni, miaka sita ya kununa inatosha, akisikia wajukuu wanakuja atalainika. Tangu siku ile ulipomwambia akate mizeituni ajenge vyumba vya watalii, kwamba siku hizi mafuta watu wananunua dukani, hajalitia jina lako kinywani. Ukipiga simu anapaza sauti, nadhani hata nawe unamsikia, kwamba yeye hayupo. Basi nikasoma. Nilipofika kwenye hoteli, akaweka uma chini. Alikuwa anakula konokono, Manusos, konokono wa kukaangwa na siki, chakula ambacho hakiachi hata akiwa na homa. Akaacha nusu sahani.

Akasema kumbe ndiyo hivyo. Mwanangu atapita chini ya kijiji changu akiwa na taulo begani. Na watu wakiniuliza, Polikronis, kijana wako amefikia wapi, niwajibu yuko chumba namba ngapi?

Kweli ilikuwa aibu. Lakini nilikutetea. Nilimwambia baba, mwanao anaogopa, anadhani ukimwona utamfungia mlango. Yeye akaenda kulala, mchana kweupe.

Kesho yake nilianza kumzungukia taratibu. Unajua nafanya kazi ya vyumba kule ufukweni kila msimu, na kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani ni mwezi upi unamfaa nani. Nikawa namtajia miezi huku nachambua mboga, kama mtu anayeongea peke yake. Nikaanza na Agosti, maana najua Agosti haina wa kuitetea. Upepo wa kaskazini unapeperusha miavuli hadi baharini, barabara imejaa, Waingereza wamebabuka wekundu, na bei ya nyanya hata mimi mwenyeji inanitoa jasho. Baba akasema Agosti watoto wataungua. Sawa, tulikubaliana.

Nikamtajia Aprili, kwa ajili ya Shangazi Argiro, ambaye anaapa kwamba mtu asiyekula Pasaka kwao hajafika kwao. Baba akasema Aprili vumbi jekundu linavuka bahari kutoka Afrika, mbingu inakuwa rangi ya kutu, watoto watapumua nini. Nikamtajia Mei, milima ina maua mpaka mawe yananukia. Akasema Mei bahari bado ni ya barafu na yule mtoto anakohoa. Wakati ule sikujiuliza amejuaje kwamba mtoto anakohoa. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika, na nikikasirika mimi husikia nusu tu.

Basi nikatoa karata yangu ya mwisho, Septemba. Manusos, kama ungekuwa mgeni yeyote wa kutoka popote, ningekuambia Septemba bila kupepesa macho. Bahari imehifadhi joto lote la kiangazi, upepo umechoka, zabibu zimeiva, tini ziko mitini, na wenye watoto wa shule wamekwisha kurudi kwao. Wageni wangu wote wenye akili huja Septemba. Nikamweleza baba haya yote kwa utaratibu, na kila neno lilikuwa kweli. Akanijibu neno moja, hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Septemba ni ya wageni.

Hapo nikalipuka. Nakuambia ukweli, nilipiga meza mpaka bakuli la maharage likamwagika. Nilimwambia baba, kila mwezi una kasoro, umeimaliza kalenda, si useme tu humtaki? Nilimwambia kwamba mama angekuwa hai angemwona kuwa mtu wa ajabu, anayeutaka uchungu kuliko kumtaka mwanawe. Nililia pia, usicheke. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukuandikia, kwamba ukae hukohuko, au uje hiyo hoteli nami nije kuwaona watoto kwa kuibia kama mwizi wa kuku. Baba akaokota maharage moja moja, akayarudisha bakulini. Akasema, sijaimaliza. Nikamuuliza nini hujaimaliza? Akasema, kalenda. Akavaa kofia akatoka kwenda shambani.

Nilidhani ananikejeli.

Sasa sikiliza ya jana. Tulitoka kanisani, mimi na Shangazi Argiro tumeshikana mikono kwa ajili ya magoti yetu, tukapita mbele ya mkahawa. Wanaume walikuwa wamekaa nje kama kawaida yao, baba katikati na kikombe chake. Sifis, unamjua Sifis, hawezi kukaa na siri wala na mzaha, alikuwa amekwisha kusikia kwamba unakuja. Usiniulize kasikia wapi, shangazi yako anacho kinywa. Akamwambia baba kwa sauti ya kusikika barabara nzima, Mzee Polikronis, naambiwa kijana wako anakuja Septemba kama watalii wa Kijerumani! Utamkodisha kitanda cha kuotea jua ufukweni, au utampunguzia bei kwa kuwa ni wa damu?

Watu wakacheka. Nikamminya shangazi mkono, nikijua kwamba sasa baba atatamka mbele ya kijiji kizima lile neno ambalo halirudi.

Baba hakucheka wala hakukasirika. Alimalizia kahawa yake kwanza. Kisha akasema, mwanangu haji Septemba. Mwanangu anakuja Novemba, kuangusha zeituni.

Sifis alibaki na sinia mkononi. Yule mzee Markos, ambaye hasikii vizuri, akauliza amesema nini, na hakuna aliyemjibu. Shangazi Argiro akaanza kujipiga ishara ya msalaba pale pale barabarani.

Wewe umekaa mbali muda mrefu, labda umesahau, kwa hiyo mkeo Roslin mweleze vizuri asije akadhani anaitwa kibarua. Huku hakuna anayemwita mgeni kwenye zeituni. Mgeni atakuja harusini, atakuja Pasaka, atalishwa mpaka ashindwe kuinuka, lakini ukimpa mgeni fimbo ya kuangushia zeituni umejivunjia heshima, na yeye umemvunjia. Kwenye zeituni anaitwa mwenye shamba na wanawe, basi. Mwaka ule Sifis alipogombana na kaka yake, alijulisha kijiji kizima kwa jambo moja tu, hakumwita Novemba. Hakukuwa na haja ya matusi. Na walipopatana hakuna aliyetangaza. Tuliona tu wako wawili chini ya mti mmoja, wakigombania nyavu za kukingia zeituni.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba amezifuta hizo mbili za kwanza.

Tulipofika nyumbani nilimtaka radhi kwa yale ya maharage. Akasema yalikuwa yamezidi chumvi hata hivyo. Nikadhani mambo yameishia hapo, nikaanza kupika. Baadaye akaja jikoni na kisu chake na matete ya mtoni, akasimama karibu na meza, akaniuliza, hivi huyo wajina wangu ananifika wapi?

Nikaduwaa. Miaka sita hajawahi kuniuliza kama mwanao ana jina. Siku ulipopiga simu kusema umempa mtoto jina la babu yake, alitoka nje, na mimi nikadhani hakusikia. Alisikia, Manusos. Amesikia kila kitu, kikohozi, meno ya Ana, siku Poli alipoanguka kwenye baiskeli. Wakati wote ambao hayupo alikuwa yupo.

Nikamwonyesha kwa mkono juu ya ukingo wa meza, hapa, labda shubiri moja na vidole viwili zaidi. Akapima tete, akalikata. Akauliza na yule mdogo? Nikamwambia huyo bado anatambaa, baba, atakula zeituni zilizoanguka. Akasema basi huyo akae na Argiro kwenye kikapu, na akakata na lake hata hivyo, fupi kama kijiko cha kupikia. Sasa fimbo zote mbili ziko juu ya kabati zinakauka, na haruhusu mtu aziguse.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hili ndilo jibu la swali lako. Usije Septemba. Achana na hoteli, usiwalipe hata kitu. Njoo Novemba, mvua ya kwanza ikishanyesha. Sitakudanganya kuhusu hali ya hewa. Bahari itakuwa baridi, asubuhi ukungu utakaa bondeni, mikono itapasuka, mgongo utakuuma mahali ambapo hukujua kama una mgongo. Mchana jua likitoka tutakula mkate na zeituni na jibini tukiwa tumekaa juu ya nyavu, na jioni tutapeleka magunia kinuni kukamuliwa, tuchovye mkate kwenye mafuta mapya yanayowasha koo. Mwaka huu miti imeshika vitunda vingi mno, Novemba matawi yatalegea, na baba mwaka jana alipata kizunguzungu juu ya ngazi, ingawa atakana. Tunakuhitaji. Sisemi hivi kukupamba.

Kuhusu shule ya Poli, mwombe mwalimu wake. Wewe mwenyewe kila Novemba ulikuwa unaugua tumbo mpaka mavuno yaishe, na bado ukawa mhandisi.

Ah, Manusos, hujui jinsi nilivyo mwepesi leo. Miaka sita nimekaa kati yenu kama mkalimani wa watu wawili wasiosema, kila mmoja akiniuliza habari za mwenzake kwa kuzungukazunguka. Leo asubuhi nimefua mashuka yote ya chumba chako cha zamani, na ninaimba, na jirani amekuja kuuliza kama nimeposwa.

Nikomee hapa, maana posta wanafunga mapema na mshumaa wa mama kule kanisani nimeahidi kuuwasha. Mbusu Ana kwenye kisogo, mbusu Poli mara nyingi, na Roslin mwambie wifi yake anamngoja na amemtafutia vazi la shamba. Mungu awalinde njiani na nyumbani. Nijibu haraka, kwa neno moja tu, tarehe.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na asiyekuogopa,

Aristea

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Baba amepita akaniuliza naandika nini mpaka wino unaisha, nikamwambia. Amesema nikuambie ulete viatu vya zamani, vya matope. Nikamkumbusha vyako bado viko nyuma ya mlango wa ghala. Akasema anajua, ila mguu wako huenda umenenepa huko. Nimekwenda kuvitazama. Ngozi ni laini, imepakwa mafuta, na mimi sijavigusa tangu uondoke.

Amerudi tena. Amesema usilete. Ujaribu kwanza hivi.